Ukili

Mwalimu wa darsa ya wanawake, Nizwa, mtaa wa Al-Aqr,
chumba chenye feni moja na mikeka sita,
alituambia dini ina njia nne:
kudhihiri, kujihami, kujitoa mhanga, kujificha.
Kudhihiri ni pale Imamu anapokaa mbele za watu,
wakampa mkono,
na akidhulumu wakauondoa.
Kujificha, yaani kitmani,
ni pale asipokuwepo wa kupewa mkono.

Mama yangu, Raya binti Muhenna, mzaliwa wa Wete,
Kiarabu chake cha sala na cha kununulia vitunguu,
akanyoosha kidole:
"Na sisi, sasa hivi, tuko njia gani?"

Feni ikazunguka.
Mwalimu akafungua ukurasa mwingine.

Ukurasa huo ulikuwa Basra,
zama za magavana na majasusi.
Wanasimulia chumba cha chini kwa chini,
mlangoni mnyororo,
ndani mwalimu msusi wa vikapu.
Akitokea mgeni, mlinzi huutikisa mnyororo,
na wanafunzi wa Omani, wa Khurasani, wa Maghribi
huiacha aya katikati
wakashika makuti, wakawa wasusi.
Mgeni akipita, makuti chini,
aya ikaendelea pale pale ilipokatikia.

Njiani, kando ya falaji, mama alicheka peke yake.
"Makuti," akasema. "Kumbe makuti!"

Maana alikuwa na ukili wake.
Alitoka nao Pemba mwaka sitini na nne,
pima nane, ameuzungusha kiunoni chini ya kanga.
Dhahabu walimvua. Ukili nani anauiba?
Miaka minane Dubai, kisha Nizwa,
kwa jamaa za baba yake wasiowahi kumwona.

Babu Muhenna alikuwa ameutoa mkono.
Kijana wa Tanufu, akaja Nizwa kwa miguu
siku ya Imamu mpya,
akarudi amekifumba kiganja
kama aliyebeba maji.
Kisha ukame. Kisha Pemba, na mikarafuu mia tatu.
Ndege zilipoibomoa Tanufu
yeye alikuwa Wete anahesabu pishi.
Alijiita mwadilifu.
Wachumaji wake sijui walimwitaje;
wao hakuna aliyewafundisha njia
ya kuuondoa mkono.
Hilo mama hakulisema darsani.
Alinambia mimi, usiku, akisuka,
bila ya kuninyanyulia macho.

Kiswahili chetu kilikaa jikoni.
Komeo la geti likilia
kilianguka mapajani kama kazi isiyokwisha,
na mama akainuka na sauti nyingine,
hata mabega mengine:
"Ahlan, ahlan, tafadhali,"
kahawa, tende, habari za visima.
Mimi na kaka yangu Ghusni tulinyamaza,
maana tulikuwa hatujajifunza
kuomba maji bila ya kusema maji.
Na komeo lile lilikuwa bovu, tukidhani.
Kila jirani yetu Ghaniya alipokuja
lilipiga kelele mara tatu, nne,
ndipo likafunguka.
Akiondoka, mama huendelea:
"...basi karafuu zote uwanjani, mvua hiyo..."

Mama amekufa mwezi wa Rajabu.
Siku ya tatu ya matanga
Ghaniya alikaa nami hadi wengine wakaondoka.
Alikiona kile kikunjo cha ukili juu ya kabati,
akakishusha, akakipapasa ncha.

"Komeo lenu lilikuwa zima," akasema.
"Nilikuwa nalitikisa makusudi,
mpate muda."

Alisema kwa Kiswahili.
Kiswahili cha Unguja, cha shamba,
kilichokaa muda mrefu bila kutumika,
herufi zake zimeota kutu kidogo.
Miaka thelathini, ukuta mmoja.

Akausogelea mkono wangu, hakuushika.

"Hebu niambie, mwanangu.
Zile karafuu za uwanjani.
Mvua ilizikuta?"