Meza ya Chini

Mwaka jana tulikaa ghorofani, dirishani,
mlima Loleza umetukalia mbele kama mgeni rasmi.
Mwaka huu nilipiga simu mapema:
Dada, nipe meza ya chini, karibu na choo,
na viti vyenye mikono.
Wangapi? akauliza.
Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia.
Nane, nikasema. Hapana, weka tisa.

Baba anatimiza themanini na moja,
au themanini na nne.
Alizaliwa Masoko, mvua imekataa kukoma;
ndicho pekee alichosimuliwa na mama yake, mvua.
Tarehe alipewa na karani wa reli:
mosi Julai, mhuri pwaa, mwingine apite,
foleni ilikuwa ndefu.
Ndiyo maana kila mwaka tunamsherehekea kwenye baridi,
pumzi zetu zinaonekana kabla ya maneno.

Koti ni lile la kustaafia.
Koti halijabadilika,
mabega ndiyo yamehama.

Mama kaishika menyu kichwa chini.
Hasomi, anatafuta bei,
na bei anazijua hata zikipinduliwa.
"Kuku elfu ishirini na nane?
Huyu kuku kasoma wapi?"
Mhudumu anacheka. Mama hacheki.
Mkoba wake ameuweka kwenye kiti cha Gwakisa
na hakuna anayemwambia autoe.
Ndani yake mna ndizi alizochemsha alfajiri, Uyole,
amezifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga,
kwa sababu mjini, anasema, ndizi wanaziogesha tu.

Baba anakata nyama.
Anakata tena kipande alichokwisha kukata.
Tusajigwe ananyoosha mkono achukue kisu;
namkanyaga chini ya meza.
Mikono iliyobeba mataruma mpaka mpakani
haiombi kukatiwa nyama.
Basi tunangoja.
Mchuzi wetu unaganda pembeni,
tunazungumzia bei ya mbolea,
tunazungumzia binti wa jirani aliyehamia Makambako,
chochote, ilimradi macho yasitue kwenye sahani yake.

Keki imekuja, jina limekosewa:
AMBAKISE, bila ye ya mwisho.
"Hiyo ye nitaila nyumbani," anasema.
Mshumaa mmoja. Anaupuliza mara mbili,
mara ya tatu mlango unafunguliwa, upepo unaumalizia,
nasi tunapiga makofi kana kwamba hatukuuona mlango.

Sasa Lusajo kasimama na chupa ya maji.
Kwa vijana, asiyemwagiwa hajazaliwa.
"Wewe! Na kifua hiki?" Mama amenyanyuka nusu.
"Mwache," anasema Baba. "Na mimi nimezaliwa."
Mtoto anaitazama chupa, anamtazama babu yake.
Kisha anajaza kizibo,
kizibo kile kidogo cha bluu,
anakimimina begani, polepole,
kama anayetia dawa jichoni.
Baba kafumba macho.
"Ndaga," anasema. "Ndaga fijo."
Halafu, si kwetu: "Hata siku ile ilinyesha."

Bili ikaletwa ndani ya kijitabu cheusi.
Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti,
akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne,
akaikunjua, akainyoosha kwa ganja la mkono.
"Chenji mtanunulia watoto soda."
Ndiyo, Baba, tukasema wote.
Zilizobaki nilizilipia kaunta,
nimewapa mgongo, kama mwizi.

Mama alikuwa ameshafunga mifupa ya mbwa
na minofu ambayo si ya mbwa.
Dada wa mapokezi akafungua daftari la mwakani,
akaandika mosi Julai, meza ya chini.
"Na mama je? Tumwekee tarehe ngapi?"

Mama akavuta zipu ya mkoba mpaka mwisho.
"Mimi nilizaliwa watu wakivuna maharage.
Andika hapo."

Tumemwacha dada yule na kalamu hewani,
anapekua, ukurasa baada ya ukurasa,
anatafuta pa kuyaandika maharage.