Chombo cha Kuondoa Mvua

Bando la usiku linaanza saa sita.
Tukuyu imelala chini ya mabati yake,
mvua ya Machi haijui kuaga,
nami nimejifunika blanketi hadi masikioni,
simu kifuani, kaunta buku ubavuni,
natafuta.

Natafuta nini? Tusajigwe ameshachoka kuuliza.
"Wewe," anasema akigeukia ukutani,
"unanunua jembe kila gulio
na shamba lako ni kitanda."

Sibishi. Ila hajauona
ukurasa mpya unavyofunguka
kwa mtandao wetu huu wa kuvizia:
kwanza weupe, kisha rangi, kisha kitufe,
Jaribu bure siku kumi na nne,
na moyo unanidunda kama wa mtoto
aliyesikia karanga zikikaangwa nyumba ya pili.

Kipo kinachotambua ndege kwa sauti;
nilikirekodia jogoo wa Mwaisumo,
kikajibu, huenda ni bundi.
Kipo kinachochora upepo wa dunia nzima,
nyuzi za kijani zisizotulia.
Nikauona mmoja ukipanda kwetu kutoka Ziwa Nyasa,
nikatoka nje na kandambili kuhakikisha.
Ulikuwepo.
Kipo kinachotafsiri lugha mia na ishirini.
Nikakiandikia: Ugonile.
Kikafikiri, kikafikiri,
kikaniuliza kama huo ni mji.
Nikakisamehe. Mgeni.

Vingine nimevipigia mstari mwekundu.
Unabisha hodi asubuhi, unakuta tangazo
la mistari miwili, lenye shukrani.
Hakuna matanga, hakuna aliyenyoa,
na nywila yake bado unaikumbuka.

Ndipo Bi Subilaga akaja,
na kanda ya kaseti ndani ya soksi ya mtoto.
Sauti ya marehemu Ambilikile, alisema,
salamu kwa mwana wao aliyekuwa Kitwe;
kanda haikupata mbebaji, kisha mwana hakupata kurudi.
"Nasikia una vyombo. Mvua imemfunika."

Kweli, mvua ilikuwa imemfunika.
Nikacheza kanda mbele ya simu, nikapandisha;
mtandao ukakatika kwenye tisini na moja.
Nikapandisha tena, usiku wa manane,
na kile chombo nilichokiandika ukurasa wa arobaini,
bila kujua kitanifaa nini,
kikaichambua sauti na mvua
kama mtu anayechambua mchele na mawe.

Asubuhi akaketi kwenye kigoda, nikabonyeza.
Ambilikile akatoka mkavu kabisa.
Kila neno. Hata pumzi kabla ya neno.
Nikamtazama Bi Subilaga, nikingoja sifa.

"Ni yeye," akasema. Akanyamaza.
"Lakini mbona anafoka?
Siku ile alipaza sauti kuishinda mvua.
Sasa anamfokea nani?
Mume wangu hakuwa mkali.
Mrudishie mvua yake."

Kurasa sitini na mbili za kaunta buku,
na hakuna hata kimoja cha kurudisha mvua.
Nilipekua hadi chai ikapoa.
Kisha nikaona, chini kabisa, kwa herufi ndogo,
faili la pili ambalo sikuwahi kulifungua:
Mabaki.

Nikaomba simu ya Tusajigwe.
Akaja nayo mwenyewe, mikono ina unga,
akachuchumaa upande wa pili wa kigoda.
Yeye mvua, mimi sauti.
Moja, mbili, akawahi;
tukaanza upya. Moja, mbili, tatu,
na mabati ya mwaka ule yakaanza kulia
juu ya mabati ya leo,
na katikati yake mtu akipaza sauti
kwa furaha tu, kumwambia mwanawe
kuwa ndizi zimezaa, kuwa mama hajambo,
kuwa huku kwetu, kama kawaida, inanyesha.

Usiku nikafungua ukurasa wa arobaini,
nikaongeza kwa kalamu ya bluu:
Kinafaa. Kinaondoa mvua.
Mvua usiitupe.