Viti Sita

Jumatano ya kwanza niliweka viti sita.
Viwili vyangu vya jikoni,
viwili vya kuazima kwa Nabintu, tulivyovipandisha ngazi
mvua ya Hull ikitupiga mgongoni,
kimoja nilikinunua duka la misaada, pauni tatu,
na cha sita nilikiokota Spring Bank, kando ya mapipa,
mguu mmoja mfupi. Nikauwekea kadibodi.

Mimi si mchungaji. Nafua mashuka ya hospitali.
Kanisani hukaa safu ya nyuma, karibu na hita,
na mhubiri akiuliza swali huinamia viatu vyangu.
Lakini tangu Novemba nilikuwa na hamu
ya kusoma polepole, aya moja kwa saa nzima,
na mtu wa kuniambia, "Hapo hata mimi sielewi."
Hicho tu. Mtu wa kutoelewa naye.

Niliwaalika tisa. Wote walisema, Mungu akipenda.
Nilisahau kwamba kwetu jibu hilo lina milango miwili.

Saa moja jioni, chai imeiva.
Saa moja u nusu, chai imeota ngozi.
Byamungu kaandika: zamu imebadilishwa,
kiwanda cha karavani hakijui Jumatano.
Mapendo: mtoto ana homa.
Wengine, kimya.

Nabintu akasogeza kiti chake. Nikasogeza changu.
Tukavisogeza vyote, duara liwe dogo,
kisha dogo zaidi, ili utupu usionekane,
miguu ikilia juu ya mbao
kama punda anayekataa mzigo.

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa Bwana Thackray wa chini,
miaka themanini na ushei, ndara za sufu.
"Mnahamisha nini usiku huu?"
Nikaomba radhi. Nikamwonyesha viti, chai, Biblia mbili,
kama mwizi aliyekutwa na ushahidi.
Akatazama. Akatazama tena.
Akasema hajaifungua ile ya mkewe
tangu mwezi wa mazishi.
Akauliza kama chai ina maziwa.

Akashuka taratibu, akapanda na kitabu cheusi
chenye tikiti ya basi katikati,
akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mguu mfupi.
Nikasema, "Hicho kibovu."
Akasema, "Hata mimi."

Tulianza na Yohana, mlango wa kwanza,
yeye kwa Kiingereza chake cha kale, sisi kwa Kiswahili,
kama watu wanaokunja shuka moja:
huyu huku, huyu kule, wakikutana katikati.
Tulipofika pale Neno linapovaa mwili na kuja kwetu
akauliza: lugha yenu inasema alifanya nini alipofika?
"Alikaa," Nabintu akajibu.
Yaani aliishi?
"Ndiyo."
Na mtu akiketi kitini?
"Hukaa. Ni neno lile lile."

Hita iligonga mara mbili, ikanyamaza.
Mimi niliyelitamka tangu utoto,
unakaa wapi, kaa kimya, karibu ukae,
sikuwahi kusikia kiti ndani yake.
Nikavitazama vile vitatu vitupu
nikaona haya kidogo, jinsi nilivyovihesabu.

Sasa ni Machi. Byamungu huja na gundi mikononi,
husinzia kabla ya aya ya pili, huamka wakati wa sala
akisema amina kubwa kuliko wote.
Mtoto wa Mapendo amechana ukurasa wa Mambo ya Walawi;
hakuna aliyelia sana.
Wawili walituacha kwa ugomvi wa fungu la kumi,
na mmoja wao bado hanisalimu sokoni.
Sijajua kuongoza. Nauliza, tunakwama, tunakunywa chai.

Bwana Thackray alikata koti kuukuu la mkewe
akabandika vipande vya sufu chini ya miguu ya viti,
yote ishirini na mitatu.
Ule mfupi ameuacha na kadibodi yake.
Anasema amezoea kuyumba.