Mchanga Ndani ya Lifti

Siku sita kwa wiki napanda na kushuka
bila kufika popote.
Fundi wa lifti, mitaa ya Mong Kok,
majengo kumi na manne, grisi kwenye kucha.
Bahari ya mji wetu naijua kwa vipande:
kipande cha upana wa kiganja
kati ya benki na hoteli,
na hicho nacho kina kodi yake.

Jumapili Suk-fan akanitikisa alfajiri.
"Amka. Leo kwa miguu."
Basi dogo la kijani likatuacha mwisho wa lami,
dereva akavitazama viatu vyetu,
akatikisa kichwa, akageuza.
Tukakipanda kilima, ngazi za saruji zisizo na swichi,
goti langu likilia kama bawaba kavu.
Nilihesabu vidato, mazoea ya kazi,
nikafika mia tisa na ushei
upepo ukaninyang'anya hesabu.

Kisha kilima kikaachama.
Chini, ufukwe.
Niliutafutia kasoro kama ninavyokagua mtambo:
hakuna kibanda, hakuna mwavuli, hakuna tangazo,
hakuna alama mchangani
ila za kwato.

Kwato! Ng'ombe watano, rangi ya chai ya maziwa,
wamejilaza wakicheua,
wanaitazama bahari
kama watu waliomaliza kulipa mkopo.
Suk-fan akasema: bonde hili lililimwa mpunga,
vijana wakaenda kukaanga samaki Ulaya,
wazee wakawafuata,
ng'ombe hawakuambiwa.
Mmoja akainuka, akaja kunilamba mkono,
ulimi wa msasa,
akakuta grisi, akaguna, akarudi kwao.

Sitasema uongo: kwenye miamba palikuwa na ndara,
ya mguu wa kushoto, na kipande cha nailoni.
Suk-fan alivitia kwenye mkoba bila hotuba.

Tukaingia majini na nguo za ndani,
sisi, watu wa miaka hamsini na kitu.
Yeye anayeuza miwani akaivua yake,
akasema bila miwani bahari ni kubwa zaidi.
Maji ya baridi ya kukutajisha jina la mama yako.
Wimbi likaninyanyua, likanishusha.
Napanda, nashuka,
kazi yangu ile ile!
Nikacheka mpaka nikanywa chumvi,
kwani hapa hakuna anayebonyeza.

Simu ilikata mtandao mgongoni mwa kilima.
Iliponasa, jioni, ndani ya basi,
ilitetemeka kama kifaranga aliyeloa.
Mara kumi na moja:
Bibi Mok wa ghorofa ya ishirini na sita
amekwama dakika hamsini, gizani,
yeye na kabichi zake.
Zamu haikuwa yangu.
Lakini namba anayoijua ni yangu.

Jumatatu nikamkuta mlangoni, amekunja mikono.
"Ulikuwa wapi?"
Nikapiga magoti kufungua paneli,
na kiatu changu kikatema mchanga,
mweupe, juu ya sakafu ya lifti.
Tukautazama sote wawili.

Nilikuwa nimejiapiza.
Siri ikisimuliwa Jumatatu,
Jumapili ina foleni.

Bibi Mok akainama, miaka yake sabini na minane ikalalama,
akachota kwa ncha ya kidole,
akaonja.
Hakuuliza tena. Akabonyeza ishirini na sita,
milango ikafunga, tukapanda kimya,
na tulipopita ya kumi nikasikia sauti,
yangu mwenyewe,
ikimtajia namba ya basi.

"Kuna ngazi?"
"Nyingi mno, Bibi."
Akafikiri ghorofa tatu nzima.
"Huwa zinakwama?"