Bei Maelewano

Kibuye, Jumapili, nilinunua kabati la mbao
lililotajiwa elfu nne na mia tano.
Nikatoa elfu mbili na mia nane
na fundi akanibebea mpaka barabarani
akinilaani kwa Kijaluo kitamu.
Ndivyo nilivyolelewa: bei ni mdomo,
bei ni kugeuka kama unayekwenda zako
na kuitwa kabla ya hatua ya tano.

Usiku, Manyatta, simu kifuani,
natafuta kitabu cha tatu cha yule mpelelezi kiziwi.
Cha kwanza na cha pili nilivipata kwa Obuya Nyangweso,
anayetandika turubai kando ya wauza viatu:
sabini sabini, na ukichukua viwili, mia na ishirini.
Cha tatu hakijafika kwenye turubai.
Kipo hewani tu, elfu moja mia nne na hamsini.
Hakina karatasi. Hakina gundi.
Hakikupanda lori kutoka Mombasa.
Nikajiuliza, nauli hii ni ya nani?

Lakini nina kuponi.
Miezi saba nimedunduliza pointi,
asilimia ishirini, kwa jina langu, Roseline Akeyo.
Naibandika. Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kisha herufi ndogo za kijivu:
Kuponi haitumiki. Bei ya kitabu hiki imepangwa na mchapishaji.

Naenda duka la pili: elfu moja mia nne na hamsini.
La tatu: vivyo hivyo, hadi senti,
kama watoto wa shule moja kwenye gwaride.
Nikawaandikia. Mtu aitwaye Huduma akajibu saa nane usiku
kwa adabu ya aliyefungwa mikono:
Mpendwa mteja, kwa kitabu hiki sisi ni mawakala.
Tunapokea fungu letu; bei si yetu kuigusa.
Yaani duka lote lile, na mataa na mabango yake,
ni kijana wa kutumwa.

Jumapili nikamsimulia Obuya.
Akacheka, akipangusa vumbi kwenye jalada la kamusi.
"Mimi sijawahi kumwomba mchapishaji ruhusa.
Kitabu kikifika hapa kimeshamwasi babake."
Kisha akanyamaza, akahesabu kitu kwa vidole.
"Ila hao wakubwa wakiachiwa kukata watakavyo,
wauze hata kwa hasara, hata kwa hamsini,
wewe Akeyo, utanijia tena?"
Sikumjibu. Nilinunua kamusi.
Nyumbani ninayo nyingine.

Jumanne iliyofuata, bila tangazo,
bei ikaanguka maduka yote matatu, usiku mmoja:
mia mbili tisini na tisa.
Mtu fulani, mahali fulani, alibonyeza.
Kuponi yangu ilikuwa imekufa Jumatatu.

Nimekinunua, nimekimaliza. Muuaji ni mhasibu.
Nilitaka kukipeleka Kibuye, Obuya anipe thelathini,
tuvutane, nigeuke, aniite,
lakini hakitoki kwenye simu.
Kimekaa humo, kipya vile vile,
hakina ukurasa wa kukunja,
hakina bei ya pili.