Umemtoa Nje Tena

Masunga aliuza kiwanja Jumanne.
Alhamisi nikapanda bodaboda hadi Kayenze
na kisu cha kumenyea mihogo,
nikakata kivumbasi chote cha mama
pale nyuma ya choo, kati ya mawe mawili,
umande umetoka, tingatinga halijafika.
Mafungu kumi na moja. Niliyahesabu
kama anayehesabu watoto wakishuka kwenye mtumbwi.

Mwanzo nilikosea.
Nilikianika juani, juu ya jabali,
kama Kwandu jirani anavyoanika dagaa wake kwenye nyavu.
Jua la Igombe halina mzaha. Kufika saa tisa
majani yanavunjika kama maganda ya karanga.
Nikafikicha, nikanusa:
nyasi.
Nyasi, na kwa mbali, dagaa.
Mafungu matatu yalikwenda hivyo.
Jua lilikula chakula, likaniachia sahani.

La nne nikalitundika juu ya mafiga.
Lilishuka na kikohozi cha mkaa, limesahau jina lake.

Yaliyobaki nikayaingiza chumbani,
nikayafunga kwa uzi wa nyavu, vichwa chini,
kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda,
dirisha wazi upana wa vidole viwili,
kanga imeshushwa, giza,
upepo wa ziwa uingie kama mgeni mwenye adabu,
anayebisha, anayeketi karibu na mlango.
Usiku ule wadudu wa ziwani walipopanda kama moshi
nilifunga dirisha, nikalala na joto langu,
nikaamka mara mbili kupapasa majani
kama mtu anayepapasa paji la mtoto.
Kila asubuhi nilipinda kijiti kimoja tu.
Kikipinda kimya, bado.
Kikisema ta, tayari.

Siku ya tisa kikasema.

Nikapukuchua taratibu, majani mazima.
Harufu hukaa ndani ya jani kama siri ndani ya mtu,
ukimbana ataitoa yote siku moja
na kesho huna la kumuuliza.
Nikayalaza kwenye chupa za kahawa,
sikuyashindilia, nikaziweka uvunguni, pembeni ya viatu.

Hapa ndipo panaponisumbua.
Chupa haitaki kufungwa moja kwa moja.
Jani linalojidai kavu bado lina machozi kwenye mshipa;
ulifungie, asubuhi kioo kimetoka jasho,
na wiki ya pili kuna ukungu mweupe kama mvi.
(Chupa moja niliimwaga. Sikumwambia mtu.)
Basi unafunua. Kila siku, dakika kumi,
unyevu utoke.
Na unyevu hautoki peke yake.
Unatoka umeshikana mkono na karai la maji ya moto,
na sabuni ya mche, na kifua changu cha utotoni kinachokoroma,
shuka juu ya kichwa, mkono wake mgongoni,
"Vuta. Vuta tena."
Vyote hivyo vinapita mlangoni, vinashuka kwenye mawe,
na Kwandu anainua uso kutoka kwenye dagaa wake,
anasema, "Leo umemtoa nje tena."

Nisipofunua, anaoza.
Nikifunua, anapungua.
Sijapata hesabu ya katikati,
na walionifundisha kusoma hawakunifundisha hiyo.

Sasa nafunua mara moja kwa wiki.
Jumapili iliyopita Masunga alikuja,
shati la hela ya kiwanja, mikunjo ya dukani bado iko,
akakaa kwenye kigoda, akasema mafua yanamsumbua.
Hakuomba. Nami sikutaka.
Nikavuta chupa uvunguni.
Majani matatu. Nikakaza mfuniko
hadi kiganja kikaniuma.

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.
Aliinamisha uso kwenye mvuke,
akavuta,
akavuta tena,
hadi chai ikapoa.