Maji Hufuata Mkondo

Miaka arobaini na mmoja nimelala chali
chini ya masinki ya Tartu,
spana mkononi, kutu ikinidondokea machoni.
Leo nimelala chali tena,
na fundi ni Liivika.

Ameingia na theluji kwenye nywele,
amenawa hadi viwikoni, akavaa glavu,
akaosha mahali ambapo tangu Hilja afariki
hapajaguswa na mkono wa mtu.
Anaanzia mwilini, anafuata mpira kwenda nje,
harudi nyuma.
Namtazama. Kazi safi.

"Mfuko ukae chini ya kibofu, Endel.
Usiupandishe kitandani, usiuburute sakafuni.
Mpira usikunjike."

Binti, unamfundisha nani?
Hayo niliyajua kabla mama yako hajaota meno.
Lakini niliitikia kwa kichwa,
maana usiku wa kuamkia jana niliulalia,
ukapinda chini ya paja,
kibofu kikawamba kama ngoma,
na mimi, fundi mkuu, nikabonyeza kengele nikilia.

Alhamisi wakautoa.
Nikajisemea, basi, nimerudi kuwa mwanamume.
Hatua sita kutoka kitandani,
mlango wa choo nauona kabisa,
koki ikafunguka yenyewe.
Soksi. Zulia. Harufu.

Nikamkumbuka bibi mmoja wa mtaa wa Tähe
aliyelifunika bomba lake linalovuja
kwa kitambaa cha meza cha harusi yake
ili nisilione.
"Mama," nilimwambia, "hakuna nyumba isiyovuja."
Alicheka mpaka akatafuta kiti.
Nilimtoza nusu.

Nikamsimulia Liivika kisa hicho, meno yakigongana.
Alikuwa amepiga magoti, taulo begani,
akinikausha katikati ya vidole vya miguu.
Nilingoja naye aniambie neno kama lile.
"Inua wa kushoto," akasema.
Nikainua.
Kisha akaandika saa kwenye karatasi, akaibandika ukutani:
saa nne, saa sita, saa nane,
tutakwenda pamoja, uwe na haja, usiwe nayo.

Mara nyingine nawahi. Mara nyingine siwahi.

Sasa ni Machi. Theluji inayeyuka juu ya paa,
mfereji umelegea kwenye kona,
unadondoka mbele ya dirisha langu, tone, tone,
usiku kucha.
Nimemwambia Liivika alete ngazi na spana namba kumi na saba.
Anapitisha kiganja chini yangu, kwenye shuka.
"Pakavu," anasema.
Ngazi hajaleta.